Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Mapumziko ya Familia Kati ya Msitu na Bahari

 Leo tunazungumzia suala ambalo familia nyingi za wazungumzaji wa Kiswahili waishio ughaibuni hulijadili kila shule zinapokaribia kufungwa, nalo ni hili: twende wapi tukapumzike sisi na watoto wetu? Miongoni mwa majibu yanayotolewa mara kwa mara ni pwani ya nchi za joto, mahali ambapo msitu wa kijani kibichi unateremka hadi karibu na mchanga wa bahari. Katika makala hii tutaeleza msitu wa namna hiyo ni kitu gani, unapatikana wapi katika pwani yetu ya Afrika Mashariki, na kwa nini utulivu anaoufuata mgeni huko hauwezi kutenganishwa na maisha ya wenyeji wanaoishi kandokando yake. 

Wasikilizaji wapenzi, ili tuelewane vizuri, tuanzie mbali na pwani hiyo. Tuanzie katika mji wa Grand Prairie, jimboni Texas nchini Marekani. Mji huu uko katikati ya miji mikubwa ya Dallas na Fort Worth, na kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2020 ulikuwa na wakazi wapatao 196,000. Jina lake linaeleza hali ya nchi yenyewe, kwani prairie ni neno lenye asili ya Kifaransa lenye maana ya uwanda wa majani. Hapana mlima wala bahari. Kuna anga pana, barabara kuu zenye njia nyingi, na joto kali la kiangazi. Katika eneo hilo, na vile vile katika mji wa Houston ulioko kusini zaidi, wanaishi maelfu ya watu waliotoka Kenya, Tanzania, Uganda, Burundi, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Baadhi yao walikwenda kusoma au kutafuta kazi, na wengine walipelekwa huko kama wakimbizi baada ya kuishi kambini kwa miaka mingi.

Familia iliyoko Grand Prairie na inayotaka maji na kivuli haikosi pa kwenda. Kuna Ziwa la Joe Pool, ambalo kwa hakika si ziwa la asili, bali ni bwawa lililotokana na kuzuiwa kwa vijito katika miaka ya 1980. Kuna pia Epic Waters, bustani ya michezo ya maji iliyo ndani ya jengo, iliyofunguliwa mwezi Januari mwaka 2018, ambamo watoto huteleza na kuogelea hata wakati nje kuna baridi. Na wenye nafasi ya kuendesha gari mwendo wa takriban kilomita 470 huteremka hadi kisiwa cha Galveston, kwenye Ghuba ya Mexico, ambako bahari yenyewe hupatikana.

Lakini msitu wa mvua haupo huko. Wataalamu huuita msitu wa mvua ule unaopata mvua nyingi, mara nyingi isiyopungua milimita 1,800 hadi 2,000 kwa mwaka, pasipo kipindi kirefu cha ukame na pasipo baridi ya kugandisha maji. Eneo la Dallas na Fort Worth hupata takriban nusu tu ya mvua hiyo. Isitoshe, baridi huweza kuingia ghafla kutoka kaskazini. Mwezi Februari mwaka 2021, kwa mfano, kipimo cha joto katika eneo hilo kilishuka hadi nyuzi 19 chini ya sifuri katika kipimo cha Selsiasi. Mti wa nchi za joto haustahimili hali kama hiyo hata usiku mmoja.

Kwa sababu hiyo, watu wa Texas wameujenga msitu ndani ya kioo. Mjini Galveston, katika bustani iitwayo Moody Gardens, kuna piramidi ya kioo yenye urefu wa jengo la ghorofa kumi, iliyofunguliwa mwaka 1993 na kupandwa miti ya Afrika, Asia na Amerika. Katikati ya mji wa Dallas, jumba la viumbe vya majini liitwalo Dallas World Aquarium lina sehemu iliyotengenezwa kwa mfano wa misitu ya mto Orinoco wa Amerika Kusini. Na mjini Houston, katika Jumba la Makumbusho ya Sayansi Asilia, kuna kituo cha Cockrell kilichofunguliwa mwaka 1994, ambamo vipepeo huruka huru kati ya miti na maporomoko ya maji.

Mtoto anayeingia humo hupata kuhisi joto la unyevunyevu, kusikia ndege, na kuona jani kubwa kuliko kichwa chake. Hilo ni jambo jema, wala si la kudharauliwa. Hata hivyo, msitu wa kioo unaishi kwa umeme, kwa pampu na kwa mishahara ya wafanyakazi. Mwezi Septemba mwaka 2008, kimbunga kilichopewa jina la Ike kilipopiga Galveston, maji ya bahari yaliingia katika piramidi ile na kuangamiza mimea mingi, na ilibidi ifanyiwe ukarabati mkubwa kabla ya kufunguliwa upya mwaka 2011. Yaani hata huko, msitu haujilindi wenyewe. Kuna mtu anayelipa ili uendelee kuwepo.

Swali tunalotaka kulibeba katika makala hii basi ni hili: msitu wa kweli, ule usio na kioo wala pampu, ulioko kandokando ya Bahari ya Hindi, nao unalindwa na nani, na anayeulinda analipwa nini?

Wasikilizaji wapenzi, jibu la kwanza tunalipata kwa kumfuata kipepeo. Majumba ya vipepeo ya Ulaya na Marekani hayawezi kuzalisha vipepeo wote wanaowahitaji, kwani kipepeo mkubwa mara nyingi huishi wiki chache tu. Hivyo basi, majumba hayo hununua mabundo kutoka nchi za joto. Bundo ni ile hali ya kiwavi anapokuwa amekwisha kula na kukua, akajifunga ndani ya ganda lake akingoja kutoka akiwa kipepeo. Bundo halili wala haliruki, kwa hiyo huweza kufungwa vizuri ndani ya boksi na kusafirishwa kwa ndege. Lakini ni lazima lifike upesi, kwani siku zake ni za kuhesabika.

Mojawapo ya mahali mabundo hayo yanakotoka ni Gede, katika kaunti ya Kilifi nchini Kenya, kwenye ukingo wa msitu wa Arabuko-Sokoke. Msitu huu una ukubwa wa takriban kilomita mraba 420, na ndio mkubwa kuliko mabaki yote ya msitu wa pwani katika Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakulima wengi waliohojiwa katika vijiji jirani walisema wangependa msitu huo, au walau sehemu yake, ukatwe ili wapate ardhi ya kulima. Sababu zao zilieleweka. Tembo walitoka msituni na kukanyaga mihogo, nyani walikula mahindi, na mkulima hakuona faida yoyote ya kuvumilia hasara hiyo.

Mwaka 1993 ukaanzishwa mradi uliopewa jina la Kipepeo. Utaratibu wake ni rahisi kuueleza. Mkulima huchukua vipepeo jike wachache kutoka msituni, huwaweka ndani ya kibanda cha neti, huokota mayai yao, kisha huwalisha viwavi kwa majani ya miti ile ile ya msituni. Viwavi wanapogeuka mabundo, huyapeleka Gede, ambako hukaguliwa, hulipiwa na kupelekwa ng'ambo. Katika mlima wa Usambara Mashariki nchini Tanzania, wanakijiji walioko karibu na msitu wa Amani nao baadaye walianza kazi kama hiyo. Tazama mabadiliko hayo: mti ambao jana ulikuwa kuni, leo ni chakula cha kiwavi, na kiwavi ni ada ya shule. Msitu ukikatwa, vipepeo wa mbegu hupotea na biashara hufa. Kwa hiyo mtoto aliyesimama chini ya kioo katika nchi ya ng'ambo, kipepeo akitua begani mwake, huenda anatazama sehemu ya mapato ya mkulima wa pwani ya Kenya.

Naam, wasikilizaji wapenzi, sasa tuvuke bahari na kwenda kwenye pwani yenyewe. Hapo zamani za kale, ukanda wa misitu ulienea kuanzia kusini mwa Somalia, ukapita Kenya na Tanzania, hadi Msumbiji. Pepo za kusi na kaskazi hubeba unyevu wa bahari na kuutua nchi kavu katika misimu miwili, yaani mvua za masika kati ya mwezi Machi na Mei, na mvua za vuli mwishoni mwa mwaka. Leo hii imebaki takriban sehemu moja ya kumi tu ya misitu hiyo, tena vipande vipande, vingine vikiwa vidogo kiasi kwamba mtu hukizunguka kimoja kwa miguu asubuhi moja. Si yote iliyo misitu ya mvua kwa maana kamili. Arabuko-Sokoke, kwa mfano, ni mkavu kiasi. Lakini udogo wake unaficha utajiri mkubwa, kwani ndani yake mna mimea na wanyama wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Arabuko-Sokoke una sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu na ambaye watoto hupenda sana kumvizia anapopekua majani makavu.

Kwa familia inayotaka kupumzika, eneo hilo la Gede na Watamu lina faida ya ukaribu. Asubuhi mnaweza kutembea msituni pamoja na kiongozi wa wageni. Mchana mkapita kwenye magofu ya mji wa kale wa Gede, ambao uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024. Na jioni mkawa baharini Watamu, katika hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1968 na ambayo ni miongoni mwa za mwanzo barani Afrika.

Kusini mwa Mombasa, katika pwani ya Diani, kuna msitu mwingine ambao unaeleza kwa namna tofauti maana ya ulinzi. Nao ni Kaya Kinondo, wenye ukubwa wa takriban hekta 30 na ulioko hatua chache tu kutoka ufukweni. Makaya ni mahali ambapo watu wa Mijikenda waliishi zamani ndani ya maboma yaliyozungukwa na msitu, na ambapo hadi leo huhesabiwa kuwa makao ya wahenga wao. Wazee wa kaya ndio wenye kauli juu yake. Mwaka 2008 UNESCO iliyaingiza makaya kadhaa, yaliyotawanyika katika ukanda wa kilomita 200 hivi, katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Kinondo ni mojawapo, na wazee wake waliamua tangu mwaka 2001 kuwaruhusu wageni waingie kwa masharti. Mgeni hufungwa kaniki nyeusi kiunoni, haruhusiwi kuokota hata jani moja akaondoka nalo, na hatakiwi kukumbatiana wala kubusiana humo ndani. Watoto waliozoea kuona mabango ya makatazo yaliyoandikwa na manispaa, hapa huona sheria isiyoandikwa popote, inayotiiwa kwa sababu ya heshima. Na msitu ambao haukuwekewa ua wala askari umesimama kwa karne nyingi.

Hapo hapo Diani utawaona mbega, wenye manyoya meusi na mabega meupe, wakivuka barabara juu ya madaraja ya kamba yaliyotundikwa na shirika la kuwahifadhi lililoanzishwa mwaka 1997. Barabara ilikata msitu wao vipande viwili, na wengi wakawa wanagongwa na magari. Daraja la kamba halikuirudisha miti iliyokatwa, lakini limewarudishia mbega njia yao.

Wasikilizaji wapenzi, tukivuka kwenda Zanzibar, msitu unaojulikana zaidi ni Jozani, ulioko takriban kilomita 35 kusini mashariki mwa mji wa Unguja. Mwaka 2004 ulitangazwa, pamoja na ghuba ya Chwaka, kuwa hifadhi ya taifa yenye ukubwa wa kilomita mraba 50 hivi, na mwaka 2016 UNESCO ikaitambua kuwa hifadhi ya viumbehai. Hapa miti hunywa maji yaliyo karibu sana na uso wa ardhi, na wakati wa masika maji hayo huweza kufurika juu. Ndipo mitondoo ikanenepa na kivuli kikawa kizito hata saa sita mchana. Upande wa pili wa barabara, karibu na kijiji cha Pete, daraja la mbao huwapeleka wageni katikati ya mikoko, ambapo maji ya bahari huingia na kutoka mara mbili kwa siku.

Mkazi mashuhuri wa Jozani ni kima punju, ambaye asili yake ni Unguja tu. Wapo watu waliokuwa wakimwita kima wa sumu, wakiamini kwamba mti aliokula hufa. Yeye hula majani zaidi kuliko matunda yaliyoiva, na tumbo lake lenye vyumba limeumbwa kwa kazi hiyo. Jambo la ajabu ambalo watafiti wamelieleza ni kwamba kima hao hula makaa. Majani ya miembe na mikungu yana kemikali zinazozuia mmeng'enyo wa chakula, na makaa huzifyonza kemikali hizo, hivyo kima hupata shibe pasipo madhara. Mzazi anayetaka kumfundisha mtoto wake sayansi hawezi kupata mfano ulio bora kuliko huo.

Wakulima wa jirani hawakumpenda kima punju, kwani alikula mazao yao. Hali ilianza kubadilika katika miaka ya 1990, pale sehemu ya fedha za kiingilio ilipoanza kurudishwa kwa vijiji vya jirani na kwa wakulima ambao kima hao hula mashambani mwao. Mwaka 2017 watafiti walitangaza matokeo ya hesabu iliyofanywa kisiwa kizima, wakasema kima hao ni zaidi ya 5,800, idadi iliyozidi mara tatu makadirio ya awali. Lakini wako wanaoishi mashambani, nje ya mipaka ya hifadhi, na usalama wao unategemea uvumilivu wa mwenye shamba. Barabara inayopita Jozani nayo iliua wengi, na ingawa matuta yaliyowekwa yalipunguza vifo, hayakuvikomesha. Familia iliyokodi gari ina wajibu wa kumwambia dereva: taratibu, hatuna haraka.

Na kama mnatafuta utulivu wa kweli, basi vukeni hadi Pemba. Kisiwa hiki hupata mvua nyingi kuliko Unguja. Sehemu kubwa ya misitu yake ilifyekwa kupisha mikarafuu, lakini kaskazini magharibi umebaki msitu wa Ngezi, wenye mivule mirefu na mipapindi, mti mwembamba wa jamii ya minazi wenye asili ya Pemba. Humo anaishi bundi wa Pemba, asiyepatikana mahali pengine. Ukiupita msitu huo unatokea Vumawimbi, ufuko mrefu ambao siku nyingine hukuti juu yake isipokuwa wavuvi na nyayo zako mwenyewe.

Pemba pia ni nyumbani kwa popo wakubwa wanaokula matunda, ambao upana wa mabawa yao yakikunjuliwa unaweza kufikia kiasi cha mita moja na nusu. Watu waliwawinda kwa ajili ya kitoweo, na kufikia miaka ya 1990 ilihofiwa kwamba wangetoweka kabisa. Wanakijiji wakaelimishwa, wakaunda vikundi vya kuwalinda, na katika kijiji cha Kidike wageni wakaanza kulipa kiingilio kidogo ili wawatazame wakiwa wamening'inia mitini mchana. Leo popo hao wanahesabika kwa maelfu mengi, na kuokoka kwao hutajwa kuwa mfano mwema wa uhifadhi unaofanywa na wanakijiji wenyewe. Popo naye hulipa deni lake, kwani ndiye anayesambaza mbegu za miti ya msituni usiku wakati sisi tumelala.

Baada ya kuyaeleza hayo, tugusie maandalizi ya safari, kwa sababu mapumziko yasiyoandaliwa huweza kugeuka msiba. Jambo la kwanza ni malaria. Kila mwaka nchini Marekani huripotiwa wagonjwa wapatao 2,000 wa malaria, karibu wote wakiwa wameipata safarini, na wengi miongoni mwao ni watu waliokwenda kuwatembelea ndugu na jamaa katika nchi zao za asili. Mzazi aliyekulia Kigoma au Kilifi hudhani kwamba damu yake imeuzoea ugonjwa huo. Ukweli ni kwamba kinga hiyo hupungua mtu anapoishi mbali kwa miaka, na mtoto aliyezaliwa Texas hana kinga hiyo hata kidogo. Zanzibar imepunguza sana malaria, lakini haijaimaliza. Kwa hiyo muoneni daktari wiki nne hadi sita kabla ya safari, mpewe dawa za kujikinga, mzitumie hadi zimalizike hata baada ya kurudi, na mlale ndani ya chandarua. Endapo homa itampata yeyote baada ya kurejea, hata kama ni wiki au miezi baadaye, mwambieni daktari mara moja kwamba mlikuwa Afrika Mashariki, kwani daktari wa Grand Prairie asipoambiwa huenda akadhani ni mafua.

Jambo la pili ni hati. Tangu Januari mwaka 2024, Kenya haidai viza bali huwataka wageni wengi waombe idhini ya kusafiri kwa njia ya intaneti kabla ya kuondoka. Zanzibar ilianza mwezi Oktoba mwaka 2024 kuwataka wageni kutoka nje ya Tanzania wawe na bima ya safari inayotolewa huko huko Zanzibar. Familia inayokusudia kuanzia Kenya na kuendelea Zanzibar ikumbuke cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwani Tanzania hukidai kwa wanaotoka katika nchi zenye hatari ya ugonjwa huo. Aidha, wale ambao bado si raia wa Marekani wahakikishe kwanza kwa mwanasheria kwamba hati zao zitawaruhusu kurejea, hasa kwa kuwa masharti ya kuingia Marekani kwa raia wa baadhi ya nchi za Kiafrika yalikazwa mwaka 2025.

Jambo la tatu ni majira. Likizo ndefu ya shule za Texas huangukia kati ya Juni na mwanzoni mwa Agosti, wakati wa kusi, ambapo masika yamekwisha, hewa ni ya wastani na bahari huchafuka kwa upepo. Mwezi Desemba kaskazi huanza kuvuma, joto huongezeka na bahari hutulia. Ulizeni pia habari za kupwa na kujaa, kwani katika pwani ya mashariki ya Unguja maji yakipwa hurudi nyuma mbali sana. Huo ni wakati mzuri wa watoto kutembea juu ya mchanga wakiwa wamevaa viatu vya mpira, ili wasichomwe na viumbe vyenye miiba, na kuwatazama akina mama wanaovuna mwani.

Jambo la nne, na la mwisho, ni mwendo wenyewe wa mapumziko. Safari kutoka Texas hadi pwani yetu huchukua karibu siku nzima au zaidi, pamoja na kubadilisha ndege. Familia inayojaribu kuona kila kitu ndani ya siku kumi hurudi nyumbani imechoka kuliko ilivyoondoka. Chagueni msitu mmoja na ufuko mmoja. Wasalimieni wenyeji, kaeni nao, nunueni samaki kwa mvuvi na maandazi kwa mama wa kijijini, valeni kwa heshima mnapopita mitaani. Mtoto aliyezoea kukisikia Kiswahili kutoka kwa mama yake peke yake, hapo atakisikia kutoka kwa mvuvi, kwa kiongozi wa msituni na kwa watoto wenzake wanaocheza mpira ufukweni. Atatambua kwamba lugha anayozungumza jikoni kwao ina nchi yake na miti yake.

Wasikilizaji wapenzi, wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii huelezwa kwa namna mbalimbali, lakini katika suala letu la leo maana yake i wazi kabisa. Kiingilio kinacholipwa Jozani, Kidike au Kinondo si gharama ya kutazama miti tu. Ni hoja anayopewa mwanakijiji anapojiuliza kama mti ule una thamani zaidi ukiwa umesimama au ukiwa gunia la mkaa. Mgeni asipokwenda, au akienda na fedha zote zikaishia kwenye hoteli isiyowanufaisha majirani wa msitu, hoja hiyo hudhoofika. Mgeni akienda kwa adabu, akalipa panapostahili na kuacha kila kitu alipokikuta, basi mwenyeji hupona, msitu hupona, na yeye mwenyewe hupata lile aliloliendea, yaani pumziko.